Maisha ya Sjur Håvik, Shabiki wa Våt Ull

Mchungaji wetu, Oddny mtoto wetu, Ragnfrid, majirani wa Skarvøya, ndugu wa nyumba ya maombi, wazee wa kivuko, nanyi mliotoka Bergen mkiwa mmevaa nyeusi, ambayo naambiwa ndiyo nguo yenu ya kila siku, familia imenipa mimi Gudveig Håvik, dada mkubwa wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wangu, nami nitayasoma polepole, kwa sababu nikiyamaliza itabidi tumzike.

Kabla sijaanza nina jambo moja la kuweka wazi. Wengi wenu mmesikia kwamba bendi ya Våt Ull, yaani sufu iliyolowa, jina ambalo mama yetu alisema si jina bali ni harufu, imekuja kupiga wimbo mbele ya jeneza, nayo imeketi safu ya tatu upande wa dirisha, na kwamba imekuja na watu wa kamera wanaotengeneza filamu yake. Mchungaji ameiachia familia iamue, Oddny ameniachia mimi, na mpaka sasa sijampa mtu yeyote jibu. Sjur alitaka wapige. Mimi nawaonea kinyaa. Nitasoma maisha yake mpaka mwisho, kisha nitasema kama watapiga au watarudisha magitaa yao garini.

Sjur Håvik alizaliwa nyumbani kwetu Håvik, upande wa magharibi wa Skarvøya, siku ya Alhamisi tarehe 9 Februari 1961, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa marehemu baba yetu Nils, mvuvi wa heringi, na marehemu mama yetu Alvhild, na kaka yetu wa kati, Mons, alimtangulia mwaka 2008. Alibatizwa katika kanisa hili hili Jumapili tarehe 5 Machi mwaka huo, akalia muda wote kinanda kilipokuwa kikipigwa na kunyamaza kilipoacha, shangazi yetu akatabiri mbele ya watu kwamba mtoto huyu hatapenda muziki, na huo ndio utabiri wa mwisho wa shangazi tulioutilia maanani. Nyumbani kwetu hapakuwa na karata, dansi wala pombe, na redio ilifunguliwa kwa taarifa ya hali ya hewa na ibada, ikazimwa kabla haijapata nafasi ya kusema jambo jingine.

Alianza shule hapa kisiwani Agosti 1968, akamaliza masomo yake Juni 1977, na walimu wake hawakuwa na la kumlalamikia wala la kumsifu. Alipata kipaimara Jumapili tarehe 23 Mei 1976, nyumba ya maombi, tulikokusanyika sisi waumini mbali na kanisa hili, ikampa Biblia, baba akampa saa ya mkononi, na zawadi nyingine zote akazigeuza kuwa redio ya kanda, akaificha kwenye banda la mashua, na hapo ndipo mambo yalipoanza. Siku moja ya kiangazi hicho alipanda mbio kutoka bandani mpaka jikoni, viatu vikiwa na matope, akaniambia, "Gudveig, kuna watu redioni wanaimba kama tunavyosema sisi." Nikamjibu kwamba hata sisi tunaimba, kila Jumapili. "Hapana, dada," akasema, "Jumapili tunaimba kama wanavyosema watu wa Oslo." Baba, aliyekuwa akinywa kahawa, akamwambia kwamba Mungu anasikia lugha zote, Sjur akasema hilo ni kweli, lakini yeye Sjur si Mungu, akatumwa kwenda kupasua kuni.

Kutoka bendi hiyo akahamia nyingine, na nyingine, zote za nchi hii, zote za vijana wenye nywele chafu waliokuwa wakifanya mazoezi katika vyumba vya chini vya nyumba za wazazi wao, na za nje hakuzitaka. Mtu akimtajia bendi kubwa ya Uingereza alimjibu, "Hao wana mama zao wa kuwasikiliza." Alijua kila bendi imetoka fjodi gani, yaani mkono gani wa bahari, nani amegombana na nani, nani ameacha ngoma akaenda kusomea umeme, na akikaa na mtu mezani aliweza kumweleza hayo mpaka kahawa ikapoa, huku macho yake yaking'aa kama ya mtu anayesimulia jinsi alivyookolewa, jambo ambalo lilinikera zaidi ya kelele zenyewe.

Alifanya kazi katika kiwanda cha samaki tangu 1977, akaenda jeshini kaskazini mwaka 1980 hadi 1981 kama vijana wote wa wakati wake, na tarehe 1 Septemba 1982 akaajiriwa kwenye kivuko chetu, akiwa yule mtu wa koti la njano anayeyapanga magari. Wenzake wako hapa na wanaweza kushuhudia kwamba hakuwahi kuchelewa, hakuwahi kulewa kazini, na hakuwahi kumwacha nyuma mjamzito wala mchungaji. Kuanzia mwaka 1986 alikuwa pia na kipindi kwenye redio ya kisiwa, kila Alhamisi jioni, na kwa kuwa redio ilikuwa na chumba kimoja tu juu ya duka la ushirika, kipindi chake kilifuata mara baada ya ibada ya nyumba ya maombi, kwa hiyo mzee Tollak, mwenyekiti wa baraza letu, ambaye namwona pale mbele, alikuwa akishuka ngazi na Biblia yake, Sjur akipanda na mfuko wa santuri. "Ukimaliza na mashetani yako, zima hita," Tollak alikuwa akimwambia. "Na wewe malaika wako wameacha taa ya choo ikiwaka," Sjur akamjibu. Walisemezana hivyo miaka mingi, na hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote waliyowahi kuwa nayo.

Sjur alifunga ndoa na Ragnfrid Tveit katika kanisa hili Jumamosi tarehe 18 Juni 1988. Walikutana Haugesund, kwenye ukumbi ulionuka moshi na nguo mbichi, Ragnfrid akiwa amesimama mbele ya spika, Sjur akamgusa bega akamwambia, "Samahani, dada, unanizuia kumsikia mpiga besi," naye Ragnfrid akamwambia kwamba mpiga besi mwenyewe hajisikii, na kwa kuwa ilikuwa kweli, Sjur akampenda. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Oddny, aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1991, ambaye sasa ni mwalimu huko Bergen, na ambaye mpaka leo akiendesha gari hafungui muziki wa aina yoyote.

Sasa nafika kwa Våt Ull. Tarehe 14 Novemba 1996 upepo wa kusini-magharibi ulisimamisha kivuko mchana kweupe, na kwenye foleni ya magari kulikuwa na gari moja bovu la mizigo lenye vijana wanne, waliokuwa wamepiga kwenye nyumba ya vijana hapa kisiwani mbele ya viti vitupu, nao walitaka kurudi Bergen. Sjur alikuwa akipita dirisha kwa dirisha kuwaambia wenye magari kwamba hakuna safari, alipofika kwao akamwambia aliyeshika usukani, "Wewe ndiye Eilif. Nina kanda yenu." Huyo Eilif Rongved, mwimbaji wao, alikuwa bado kijana, na kabla ya siku hiyo hakuna mgeni aliyewahi kumtambua isipokuwa polisi. Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi kila nyumba ya kisiwa hiki inakula komle, yale mabonge ya viazi na nyama ya kondoo ya chumvi, basi Sjur akawachukua wote wanne nyumbani, na Eilif alikula mpaka usingizi ukamkuta mezani.

Nilikuwapo siku ile, kwa kuwa nilimpelekea mama, aliyekuwa akikaa kwa Sjur, dawa zake, na niliyoyaona sikuyasahau. Walinuka bia iliyochacha na soksi. Ugoro wao wa vifuko walioumaliza waliubandika, ungali na mate, kwenye ukingo wa dirisha chini ya maua ya mama. Mmoja wao alitapika ndani ya kapu la kuni, akafunika kwa gazeti la misheni, akarudi mezani akaomba siagi. Jioni wakashuka bandani kumpigia Sjur, na gitaa likalia kama msumeno unaokata ubao mbichi, na Eilif akaimba kama mtu mwenye mafua aliyekatazwa kulala, nikatoka nje nikasimama upande wa upepo. Sjur alipopanda nilimwuliza anasikia nini mle ndani. Akaniambia, "Dada, mimi siku nzima nawaambia watu songa mbele, simama, songa mbele. Hawa wakipiga, mimi ndiye naambiwa pa kwenda." Nikamwambia kwamba kuna Mwingine wa kumwambia hayo. Akasema, "Najua, na yeye namsikia pia, ila wewe nawe hupendi kuwa na redio mbili."

Kuanzia hapo wakaja kila walipopata njaa. Hapa Skarvøya hakuna asiyejua msaragambo ni nini, tangazo linabandikwa dukani, kila mtu anakuja na koleo lake na keki yake, hakuna anayelipwa, hakuna anayekataa, na hakuna anayeshukuriwa, kwa sababu mara nyingine itakuwa zamu yako wewe kuitiwa watu. Barabara ya makaburini tunayopita leo ilitengenezwa hivyo. Eilif, ambaye hajawahi kushika koleo, aliligundua neno hilo kama mtu anavyogundua kwamba mlango wa duka haukufungwa. "Mzee Sjur," alikuwa akisema kwenye simu, "Jumamosi tuna msaragambo wa kuhamisha spika," na Sjur akatumia likizo yake kupandisha spika ngazi za Bergen, akapaka rangi chumba chao cha mazoezi, akawakatia kuni za kibanda walichorekodia, akawaendeshea gari mpaka Trondheim wao wakiwa wamelala nyuma, akawauzia santuri mezani huku wao wakiwa nyuma ya jukwaa na mabinti. Msaragambo wao ulikuwa wa mtu mmoja. Nilipomwambia hivyo alicheka, akasema wasanii hawana migongo imara.

Ndoa ya Sjur na Ragnfrid ilifikia mwisho Mei 2004. Ragnfrid ameniruhusu niyaseme maneno aliyoyatamka siku alipoondoka, akiwa ameshika ndoo ya nguo, "Niliolewa na mtu mmoja, nikajikuta nawafulia soksi watu watano," na Sjur akamjibu, "Mpiga ngoma amehama, ni wanne." Hawakuchukiana. Ragnfrid aliolewa tena, na Arnstein, mume wake, yuko hapa leo, naye nitamtaja tena.

Nisionekane kwamba kinyaa changu ni kwa watu wa Bergen peke yao. Mwaka 2011 sisi wa nyumba ya maombi tulikuwa tumezeeka, paa lilitushinda, baraza likakaa kuamua tuuze kwa nani. Sjur alisimama katika kikao, akiwa amevaa suti ya harusi yake, akaomba auziwe yeye, akaahidi kwamba hapataingia bia wala sigara, kwamba Alhamisi patakuwa na bendi moja na Jumapili tutabaki na viti vyetu na mimbari yetu kama zamani. Mzee Tollak akasema, "Palipoombewa hapapigwi ngoma." Sjur akamwuliza, "Na pakipigwa kimya, mzee, nani atakuja?" Wazee wakapiga kura, na nyumba ambayo babu zetu waliijenga kwa msaragambo ikauzwa kwa mtu wa Oslo asiyekuja ila Julai, ambaye amefunga beseni la kuogea lenye mapovu mahali palipokuwa na mimbari, na tukipita barabarani tunawaona humo watu walio uchi wakinywa mvinyo. Hayo tuliyachagua sisi, waombaji, ili tusisikie gitaa. Mimi nilikuwa mmoja wa wawili tuliopiga kura ya kumpa Sjur, na sikumpa kwa kupenda gitaa, nilimpa kwa kuwa ndiye pekee katika kikao kile aliyetaja viti vyetu.

Daraja lilifunguliwa Juni 2013 na kivuko kikaondolewa, Sjur akawa mtunzaji wa majengo ya shule, kazi aliyoifanya kwa uaminifu mpaka alipougua. Våt Ull kwa wakati huo walikuwa wamekua, wakipiga mpaka Ujerumani, na lile gari bovu lilikuwa limegeuka basi lenye vitanda. Sjur aliendelea kwenda, sasa akisimama nyuma ya kizuizi pamoja na wengine, na hakusema kamwe, kama wasemavyo mashabiki wengi, kwamba zamani walikuwa bora. Alisema zamani walikuwa wabaya kabisa, na kwamba hiyo ndiyo raha yenyewe, kumtazama mtu akipona. Aliendelea pia kusikiliza bendi changa, akiwapa chakula vijana wengine, na baadhi yao nawaona hapa, mmepauka, mmenyolewa upande mmoja, na mlikuja kumwona hospitalini mkamletea supu. Kwenu sina neno.

Tarehe 21 Februari mwaka huu 2023 madaktari walimwambia Sjur kwamba ana saratani ya kongosho na kwamba haitatoka. Aliwapigia simu watu watatu, Oddny, mimi, na Eilif. Mwezi wa Aprili bendi ikatangaza kwa watu wote kwamba shabiki wao mkubwa anaumwa, na kabla ya Pentekoste fulana zilikuwa zikiuzwa kwenye maonyesho yao zikiwa na uso wa Sjur, akiwa na koti lake la njano na mkono juu, na hakuna aliyemwuliza. Oddny alimletea moja. Aliivaa hospitalini, akasema wamempunguza pua. Mimi niliiona nyingine kwenye picha ya gazeti, nikauona uso wa mama yetu ndani ya uso wake, ukiwa umenyooshwa juu ya tumbo la mtu asiyetujua.

Agosti dhoruba iling'oa vigae vya paa lake, maji yakaanza kuingia juu ya chumba cha santuri. Sjur hakuwa na nguvu ya kupanda ngazi, na hakuwa mtu wa kuomba, lakini nilikuwa kando ya kitanda alipompigia Eilif na kumweleza habari ya paa, na sauti ya Eilif niliisikia mwenyewe, "Mzee wangu, usijali, tutakuja wote, tutafanya msaragambo." Katika maisha yake yote hiyo ndiyo mara moja tu ambayo Sjur aliitiwa watu. Akamwomba Oddny anunue unga, sukari na jibini ya kahawia, kwa kuwa wa msaragambo hawaachwi na njaa. Wiki zikapita, tukaweka ndoo. Siku ya Jumamosi tarehe 16 Septemba walifika, wanne na watu wa kamera, hawakuwa na ngazi, hawakuwa na kigae, walikuwa na taa za kupigia picha, wakamweka Sjur sebuleni katikati ya ndoo kwa sababu, yule bibi wa filamu alisema, ndoo zinapendeza. Wakala keki. Eilif akamshika mkono mbele ya kamera, na kamera ilipozimwa akauachia. Walipoondoka Sjur alisema, "Wana ziara, dada, ratiba yao ni ngumu," akageukia ukuta.

Paa lilitengenezwa Jumatatu iliyofuata na Arnstein, mume wa Ragnfrid, pamoja na wazee wawili wa kivuko, kwenye mvua, bila tangazo dukani. Arnstein hapendi muziki wa aina yoyote, hata wa kanisani, ameniambia hivyo waziwazi. Alishuka akaomba kahawa, akazitazama zile santuri, akamwuliza Sjur, "Kwa hiyo hizi zote ni za watu wanaopiga kelele?" Sjur akasema ndiyo. "Basi kausha sakafu," Arnstein akasema, "la sivyo zitaota ukungu," akaikausha yeye.

Oktoba Sjur alihamishiwa nyumba ya wauguzi hapa kisiwani, nikawa nakwenda kila siku kumsomea neno, na siku moja akanikatiza katikati ya zaburi, akasema anataka Våt Ull wapige kwenye mazishi yake. Nilifunga Biblia. Nikamwambia kwamba wamemtumia kama kamba ya mashua na kumwacha gatini. Akasema, "Mimi nami niliwatumia, Gudveig. Nyumba ilikuwa kimya mno." Nikamwambia Eilif Rongved ni mtu mwovu. Akasema, "Si mwovu, ni mvivu na anapenda kutazamwa. Wewe unayemsomea mgonjwa hapo, hiyo zaburi kaitunga nani?" Nikasema Daudi. "Aliyemchukua mke wa mtu na kumwua mumewe," akasema, "na hujaacha kumwimba." Nikamwambia Daudi alitubu. "Basi mpe Eilif muda," Sjur akasema, "Daudi mwenyewe alisubiri mpaka nabii aje kumsema." Kisha akaniomba jambo la pili, ambalo nitalitaja mwisho.

Hakuna aliyekuja kati ya hawa wa bendi walioketi safu ya tatu katika siku zote za nyumba ya wauguzi. Sjur alifariki dunia Jumatatu tarehe 6 Novemba 2023, mchana, mimi na Oddny tukiwa tumemshika mikono, dirisha likiwa wazi kwa kuwa alitaka kusikia magari ya darajani.

Asubuhi ya leo Eilif alinikuta kwenye lango la kanisa. Akasema, "Mama Gudveig, tunataka kumuenzi." Nikamwuliza Sjur alikuwa na umri gani. Hakujua. Nikamwuliza jina la mtoto wake, akafikiri, akasema, "Yule mwalimu." Nyuma yake yule bibi wa filamu akaniomba kama nitalia nisimame karibu na dirisha, kwa ajili ya mwanga. Nimewaombea njia nzima kutoka lango hadi kwenye kiti, na sala yangu haikuwa nzuri.

Basi jibu langu ni hili. Kamera zitoke nje sasa, na wenye kamera watoke nazo, na mlango ufungwe nyuma yao. Nitasubiri.

Eilif, mtapiga. Mtapiga wimbo mmoja aliouchagua yeye, Oddny anaujua, bila spika, kwa kuwa aliyekuwa akizibeba ndiye huyu amelala hapa. Hamtasema neno kabla wala baada. Aliyevaa ile fulana afunge koti, na huko kwenye kahawa ya mazishi isiuzwe wala kugawiwa. Siwaruhusu kwa sababu mnastahili, wala kwa sababu nimewasamehe, hilo bado nabishana na Bwana. Naruhusu kwa sababu mdogo wangu alipenda kitu kilichopitia kwenu, na mimi sina mamlaka ya kumnyima kwa sababu ya uchafu wa chombo. Na kwa kuwa alisema msubiriwe mpaka aje wa kuwasema, nimewasema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mjini na wa nyumba ya wauguzi ya Skarvøya, ambao walimwosha, wakamgeuza, na wakavumilia mazungumzo kuhusu wapiga besi. Tunawashukuru wenzake wa kivuko na wa shule, majirani walioleta kuni na samaki, vijana wa supu, mpiga kinanda wetu ambaye amekubali kusogea pembeni, mchungaji wetu, na mzee Tollak, aliyekwenda jana peke yake kusafisha njia ya kaburini, na hakumwambia mtu, mimi nimemwona. Tunamshukuru Arnstein. Wote mnakaribishwa kwenye kahawa na mikate ukumbini baada ya maziko.

Jambo la pili aliloniomba Sjur ni hili, kwamba wakianza nisitoke nje, kwa kuwa maisha yake yote bendi ilipoanza mimi nilikuwa nikitoka. Wimbo huo naujua, unasikika mpaka upande wa upepo, na ni mbaya, na hautakuwa mzuri kwa kupigwa kanisani. Nitakaa kiti cha mbele, mikono mapajani, nisikilize mpaka umalizike. Mdogo wangu Sjur, nimekwisha kusoma. Bwana akupokee, nawe upumzike kwa amani yake.